Zumaridi Zilizofuliwa

Mtaani kwetu Shauri Moyo, Nairobi, tulimwita Somo, wazee kwa watoto, Waislamu kwa Wakristo, hata mhubiri wa kanisa letu ambaye alikuwa na mashaka na kila kitu kinachonukia udi. Somo ni mwanamke anayemwandaa bibi harusi. Humsinga kwa liwa, humpaka hina, humweleza mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyataja, na siku yenyewe humpamba. Kazi hiyo alikuwa ameifanya Majengo na mitaa ya karibu miaka mingi kabla sisi hatujahamia mlango uliopakana na wake, katika zile nyumba za kaunsili ambazo ukikohoa jirani anakuambia pole. Nasaba yake sitaieleza. Yeye mwenyewe aliieleza vya kutosha, na yeyote aliyewahi kukaa kwake akingoja chai ichemke anaijua kuliko ya kwao. Itoshe kusema kwamba alitoka pwani, katika nyumba iliyowahi kutoa maliwali, na kwamba nyumba hiyo ilikuwa na vyombo.

Vyombo, kwa lugha yake, havikuwa sufuria na sahani. Vilikuwa mapambo ya mwanamke. Hivi vyao vilikuwa kidani, vipuli, bangili na pete, vyote vya zumaridi zilizozungukwa na almasi ndogondogo, na vilikuwa vimetoka kwa mama hadi binti tangu enzi ambazo hata Somo, mtu wa maneno mengi, alizifupisha kwa kusema "zamani za kina bibi." Zumaridi ya katikati ya kidani ilikuwa kubwa kuliko punje ya haragwe. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza alisema ni nzuri, na kwamba Gikomba kuna mwanamke anauza za aina hiyo hiyo kwa watu wa kwaya. Somo hakumsemesha kwa siku kadhaa.

Sanduku la vyombo lilikuwa na kanuni zake. Hukaa kwa binti wa kwanza wa nyumba. Vyombo havivaliwi na mtu asiye wa damu yao. Na binti wa kwanza hanyang'anywi sanduku, awe amewaudhi kiasi gani, isipokuwa kwa jambo moja tu: akivipoteza vyombo au akiviharibu.

Somo alikuwa amewaudhi. Aliolewa na fundi wa reli, mtu wa bara, mpole, ambaye ukoo wa Somo ulisema hana kwao. Siku ya harusi yake hakuja mtu kutoka pwani. Bibi harusi wa nyumba ile lazima apambwe na watu wake, kwa hiyo vyombo vilibaki ndani ya sanduku na yeye akatoka shingo tupu. Miaka baadaye mama yake alipofariki, sanduku likamfuata Nairobi, kwa sababu kanuni hazikusema lolote kuhusu mafundi wa reli. Tangu hapo, kila binti wa ukoo alipoposwa, ilibidi wale wale waliomtenga wampigie simu. Walikuja, wakaketi, wakanywa chai yake, wakaondoka na sanduku. Baada ya fungate walilirudisha, wakanywa chai tena.

"Wanafuata sanduku," aliniambia siku moja, akichambua mchele, kwa sauti ile ile ya kuniambia niongeze maji. "Najua. Siku sanduku likitoka hapa lisirudi, nani wa kwetu atabisha mlango huu?"

Nilimwambia mimi nitabisha.

"Wewe unabisha kila siku. Wewe si mgeni, wewe ni usumbufu."

Alikuwa mjane wakati huo, na hakujaliwa mtoto. Nilikuwa msichana wa chuo, nikisomea ualimu, na nilipenda kudurusu kwake kwa sababu kwetu kulikuwa na makelele. Nilimpenda sana na aliniudhi sana, mara nyingi ndani ya saa moja.

Sanduku alilificha ndani ya pipa la mchele. Siku moja, akiwa matangani Kaloleni, wezi waliingia wakachukua redio, mtungi wa gesi na blanketi jipya. Walifungua hata pipa, wakachota mchele wa juu juu kwenye karatasi ya nailoni na kuufunika tena. Mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Yeye alikuwa ameketi mlangoni amekasirika, si kwa kuibiwa bali kwa jinsi alivyoibiwa.

"Mtu unaingia nyumba ya watu, unachota mchele kama umetumwa dukani," alisema. "Wezi wa sasa hawana bidii."

Alikuwa na kiburi cha lugha. Vijana wa kijiweni walipenda kumchokoza apite wamsikie.

"Niaje, Somo!"

"Niaje ni nini? Mimi ni rika lako?"

"Si ni salamu tu, Somo. Umeng'ara leo, wasee hawalali."

"Sema shikamoo, kisha kaoge."

Walicheka, wakamwamkia, naye akaitika marahaba kwa madaha yote ya nyumba ya maliwali. Kisha akageuka kona akampigia simu kijana wa bodaboda: "We, uko wapi? Kuja mbio, niko hapa kwa steji, na usiniletee zile stori za tenki kuwa empty." Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilipomuuliza, alisema kijana yule ni wa kazi, na watu wa kazi huongeleshwa wanavyoelewa.

Watu aliwapanga kwa vikombe. Anayepuliza chai, huyo mlezi wake alikuwa na haraka. Anayeacha chai nusu amekuja kupeleleza. Anayegeuza kikombe kutazama chini kimetengenezwa wapi, asiletwe tena. Mgeni aliyekuja bila haja, kumjulia hali tu, alimchukia kuliko mdai, kwa sababu, alisema, mtu haji tu. "Una haja gani?" ndiyo iliyokuwa "karibu" yake. Mwanamke wa kanisani kwetu aliwahi kumpelekea unga na sukari alipougua, akamkuta amevaa, amejifunga leso, ameketi wima. Alimshukuru, akamuuliza ana haja gani, na yule mama aliposema hana haja akamrudishia unga wake mlangoni. Sukari alibaki nayo. Hilo nalo sikuwahi kupata maelezo yake.

Lakini mtu huyo huyo, mwenye kupima uungwana kwa kikombe, aliwavisha zumaridi za maliwali mabinti wa wauza mitumba, wa mafundi wa jua kali na wa mabawabu. Kanuni ya damu aliivunja waziwazi, kila mwezi wa harusi. Binti wa mtaa akiposwa, awe wa Majengo, awe wa Shauri Moyo, awe ameambulia mume Dandora, Somo alimwita akamtazama shingo, akamwambia avae gauni la kola gani. Watu wa pwani hawakujua. Walikuwa mbali, na hawakuuliza habari za mitaa yetu.

Nilimuuliza kwa nini anajitia hatarini hivyo.

"Bibi harusi hupambwa na watu wake," alisema.

"Lakini wale si watu wako, Somo."

"Nimesema wao ni watu wangu? Nimesema mimi ni watu wao. Hakuna msichana atakayetoka mtaa huu shingo tupu ati kwa sababu hakuja mtu. Mimi niko. Mimi nimekuja."

Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kisha akaniambia kalamu yangu inachafua kitambaa chake. Nilijua ni harusi gani aliyokuwa akiizungumzia, na nilimwonea uchungu.

Vyombo havikutoka peke yake. Alivivisha mwenyewe, akavifuata kanisani au msikitini, kisha ukumbini, akaketi mbele mahali pa kuiona shingo, na hakula chochote. Wasiomjua walidhani amenuna. Kwenye harusi moja bibi harusi alicheza kwa nguvu hadi kidani kikaanza kuruka. Somo aliinuka, akapita katikati ya watu, akasimama nyuma ya binti na kushika kifungo cha kidani kwa vidole viwili, akaanza kwenda naye, mbele, nyuma, kushoto, mpaka wimbo ukaisha. Ukumbi ulishangilia. Wanawake walimtandikia leso wakidhani ndivyo wanavyocheza pwani, na harusi mbili zilizofuata kulikuwa na shangazi aliyejaribu kufanya vile vile. Baada ya sherehe alivivua papo hapo, akavifuta kwa kitambaa laini, akavifunga. Havikuwahi kulala nyumba ya watu hadi harusi ya dada yangu Rispa.

Inabidi sasa nimweleze Mama. Mama aliuza mitumba ya watoto Gikomba, na doa lilikuwa adui yake. Nguo ilifika mezani kwake ikiwa na historia ya watoto wa Ulaya nzima, ikatoka ikinukia sabuni, imepigwa pasi. Alijua doa gani linataka limau, lipi linataka maji moto, lipi linataka kuombewa. Na alikuwa mtu wa magharibi, wa kule kwenye adabu zao za kuazimana. Kwetu kitu cha jirani hakirudi kichafu. Sufuria ikirudi na masizi umemtukana mwenyewe. Tena hairudi tupu, unatia kitu ndani, hata kama ni mayai mawili.

Mwanzoni Mama hakutaka Rispa avishwe. Alisema vitu vya watu vina maneno, na kwamba mhubiri atauliza. Somo alikuja kwetu mwenyewe, akanywa chai yote bila kupuliza, akasema Rispa amekua mbele ya macho yake na hatampamba kwa plastiki. Basi. Siku ya harusi alimvisha asubuhi, na nakuambia nilimtazama dada yangu, ambaye usiku uliotangulia tuligombania taulo, nikamsogezea kiti kama mgeni. Mama alilia hadi akalazimika kubadilisha blauzi.

Katikati ya ibada presha ilimpanda Somo. Alipelekwa kliniki, wakamlaza mpaka kesho yake. Kwa hiyo jioni Rispa alipovua vyombo, alimpa Mama, na Mama akavilaza ndani ya mto wake akaulalia.

Asubuhi mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha viti na mahema ya kukodi. Mama alivitoa vyombo, akaviona kwenye mwanga. Vilikuwa na jasho, poda na krimu ya keki. Akachemsha maji. Akatia sabuni ya unga kwenye karai, akaviloweka kama kola za mashati ya shule, akavipitishia mswaki kila kona, akavisuuza, akavianika juani kwenye taulo jeupe huku amekaa kando na fimbo ya kufukuzia kunguru. Niliporudi alikuwa ameshavifunga. Juu ya sanduku aliweka kipande kikubwa cha keki na kuku aliyechinjwa, akaniambia nimsaidie kubeba, Somo amesharudi.

Somo alikuwa kitandani. Alifungua kitambaa, akatazama, akatazama tena.

"Mama Rispa, umeyafanyaje haya?"

"Nimeosha, Somo. Maji moto kabisa, na sabuni. Nimeloweka kwanza, halafu nikapitisha mswaki hizi kona kona zote. Zilikuwa na krimu ya keki, singeweza kukurudishia hivyo."

Niliinama kutazama. Almasi zilikuwa zinametameta vizuri, lakini zumaridi zilikuwa zimekufa. Ndani mwake ilikuwa imejitokeza mistari myeupe kila upande, kama kioo cha gari kilichogongwa na jiwe.

"Umejitaabisha," Somo alisema. "Ahsante sana, Mama Rispa. Kaa unywe chai. Wewe, mpe mama yako chai."

Mama alikaa akanywa vikombe viwili, akasimulia harusi yote, nani alicheza, nani alibeba nyama kwenye mkoba. Somo alicheka panapochekesha. Mama alipotoka, Somo alinirudishia kikombe chake, chai haijaguswa.

Ndipo akanieleza. Zumaridi zina nyufa ndani tangu zinapochimbwa. Za kwao zilitiwa mafuta zamani, mafuta yakajaza nyufa, na mtu akitazama haoni kitu ila kijani. Maji moto na sabuni huyatoa mafuta yale. Ndiyo maana mawe yao huwa hayaogi.

Niliinuka nikamwite Mama.

"Kaa chini. Unakwenda kumwambia nini?"

"Ajue."

"Akijua, mawe yatapona? Mama yako ameniheshimu kwa heshima yote anayoijua. Hataambiwa, si na wewe, si na dada yako. Niahidi."

Niliahidi. Kisha akasema jambo lililokuwa moyoni mwake, kwa sauti ndogo. Binti ya mdogo wake alikuwa ameshaposwa Mombasa. Watu wake wangekuja kuchukua sanduku mwezi ule ule.

Aliyatia mawe kwenye bakuli la mafuta ya simsim, akaliweka dirishani lipate joto la jua. Kila nilipoingia nilikuta amevaa miwani amelisogelea. Mistari ilikuwa inapungua, lakini polepole, na simu ikalia kabla haijaisha.

Alikuja mdogo wake pamoja na binti mwenyewe, mchumba wa watu, msichana mrefu mwenye aibu. Mimi nilikuwepo kwa sababu Somo alitaka mtu wa kumimina chai. Mdogo wake alifungua sanduku, akainua kidani mbele ya dirisha, akakigeuza huku na huku.

"Nani ameyafua haya?"

"Mimi," Somo alisema.

"Wewe, dada?"

"Uzee. Nilisahau."

"Ulinichapa nikiwa mtoto kwa kuyatia maji baridi. Maji baridi, dada! Leo umesahau?"

"Basi ndiyo ujue uzee ulivyo mbaya."

Mdogo wake aliketi. Alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mbaya, na niliona anatafuta njia. "Kuna mtu umemwazima," alisema. "Nitajie. Mimi nitakwenda kwake nimwambie yangu, na kina kaka nitawaambia ni mtumishi aliyekosea. Sanduku libaki kwako. Nitajie tu jina."

Upande wa pili wa ukuta Mama alikuwa anafua, anaimba wimbo wa kanisani, anakosea maneno yale yale anayoyakosea siku zote.

"Jina nimeshakutajia," Somo alisema. "Ni langu."

Mdogo wake alifunga sanduku, akalikumbatia, akatoka bila kugusa kikombe. Binti alibaki nyuma kidogo. Alikunywa chai yake haraka haraka, akiwa amesimama, ikamchoma, akaweka kikombe, akambusu Somo mkono, akakimbia kumfuata mama yake.

Hivyo ndivyo kile alichokiogopa kilivyokuja. Somo aliendelea kuwapamba mabinti, kwa asmini na kwa dhahabu za kuazima huku na kule, na hakuna aliyelalamika. Lakini simu yake aliibeba kila mahali, hata bafuni. Alikuwa akiniita.

"Hebu nipigie nione kama inalia."

Nilimpigia. Ililia.

"Basi," alisema, akaiweka mapajani.

Siku moja Mama alimuuliza mbona vile vyombo vya kijani havionekani tena. Somo akasema wenyewe wamevichukua.

"Afadhali walivichukua vikiwa safi," Mama alisema, na akafurahi kwa dhati. Somo akamjibu ndiyo, afadhali. Mama amezeeka sasa, yuko nyumbani magharibi na kuku wake, na mpaka leo hajui. Kuandika haya hakuvunji ahadi yangu, maana Mama husoma Biblia tu na karatasi za dawa.

Simu ililia baada ya mwaka na kitu. Nilikuwa pale. Somo alikuwa na tabia ya kuweka sauti ya nje, mtaa mzima usikie, na hata siku hiyo alisahau kuitoa. Alikuwa yule binti, mke wa watu sasa.

"Mama mkubwa, shikamoo. Yale mawe bado yana mistari. Mama hataki nikuulize, lakini nakuuliza. Ulikuwa unayatia nini?"

Nilimwona Somo anafungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, simsim, na lingemaliza mazungumzo.

"Hilo si jambo la kusema kwa simu," alijibu. "Yalete."

Akaletewa. Na hapo Somo akatunga dini nzima. Kulikuwa na bakuli la udongo na kitambaa cheupe. Kulikuwa na udi wa kufukiza asubuhi na jioni. Mawe, alisema, hayakubali mkono mwingine ila wa binti wa kwanza, na aliyeyaleta asiende mbali nayo, alale papo hapo mpaka yashibe, na hayashibi chini ya wiki. Yule mpwa wake aliitikia kwa kichwa kila neno. Alilala kitanda kimoja na Somo, akampikia, akamsuka nywele, akasikiliza nasaba kutoka mwanzo. Mwaka uliofuata alirudi. Na uliofuata. Mawe, Somo alisema, hayatibiki mara moja, huwa yanasahau.

Mimi nilijua. Aliniambia mwenyewe, akicheka kwa kujificha nyuma ya leso. "Mafuta ni ya chupa, ya duka la Majengo. Mkono wangu hauna lolote. Lakini nikimwambia, atanunua chupa yake, na mimi nitabaki na nani?" Sikuona kosa. Ningekuwa na uongo mzuri kama ule, mimi pia ningeutumia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa wakati wa mvua za masika. Nilikuwa nimehamia Umoja, ninafundisha huko, na nilikuwa nikija kila nipatapo nafasi. Somo alifariki kabla ya mvua nyingine. Siku ile miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kusimama, lakini amevaa na amejifunga leso. Mpwa wake alikuwepo na sanduku. Bakuli lilikuwa dirishani. Tulikunywa chai sote watatu, kisha mimi na mpwa tukatoka kuosha vikombe kwenye mfereji wa nje.

Nilimwambia, kwa ajili ya kusema kitu tu, kwamba safari hii mawe yanaonekana mazuri.

"Yako hivyo siku nyingi," alisema. "Mwaka ule wa pili nilimpelekea sonara Mombasa. Ana mashine ya kuyatia mafuta, akaniambia ni kitu cha kawaida, kila zumaridi hutiwa. Tangu hapo hayajapata hata mstari mmoja."

Niliacha kusugua. "Mama mkubwa anajua?"

"Atajuaje? Kabla ya kumfikia nayafuta na spiriti kidogo juu juu, yapoteze mng'ao, apate kazi."

"Sasa unayaleta ya nini, mwaka baada ya mwaka, kutoka Mombasa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Nikija bure ataniuliza nina haja gani. Nitasema nini? Nimekuonea huruma? Atanirudisha stesheni. Mama yangu aliapa hatakanyaga hapa, na wengine walikuwa wanafuata sanduku tu. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa pale nikaona anavyosema jina ni lake. Ilikuwa harusi yangu, nilikuwa na haki ya kukasirika. Sikuweza. Nilitaka awe mama yangu mkubwa kweli, si kwa jina tu. Nikatafuta sababu."

Niliingia ndani na vikombe. Somo alinipungia mkono nisogee, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Hajashuku?"

"Nini?"

"Mafuta. Amekuuliza lolote huko nje?"

"Hajauliza."

"Hajashuku kabisa?"

"Kabisa, Somo."

Alitulia, akapumua vizuri, akatazama bakuli. Kisha akaniambia nikatoe habari, kwa kuwa yeye akisema mwenyewe ataonekana ana tamaa. Nilitoka nje. Mpwa wake alikuwa anamimina maji ya mwisho kwenye karai.

"Anasemaje?" aliniuliza.

"Anasema mawe yamechoka sana mwaka huu. Mwakani yatahitaji wiki mbili."

Alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie sawa," alisema. "Nitaomba ruhusa kazini."